Je, Mgongo wa Kijana Unaweza Kupimwa kwa Kutazamwa Tu?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja: ni kwa kiasi gani tuuamini uamuzi wa mtu aliyeutazama mgongo wa kijana kwa macho. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi yameondolewa.

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa binti wa miaka 12. Muhula uliopita wahudumu wa afya walipita shuleni kwao, na binti akarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba mgongo wake umepinda na bega la kulia liko chini. Nilimpeleka zahanati, tabibu akamtazama akiwa amesimama na sare yake, akasema hana tatizo lolote. Shangazi yake, ambaye ni muuguzi, naye akamtazama akasema kilichopinda si mgongo bali nyonga. Watu watatu wamemtazama mtoto mmoja na kila mmoja ameona lake. Nimwamini nani? Na je, nimpeleke akapigwe picha ya eksirei? (Mama wa binti, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa wasiwasi. Watu hao watatu hawajapishana kwa sababu mmoja wao ni mzembe. Kupishana ndiyo hali ya kawaida mgongo unapopimwa kwa macho tu, na hata mabingwa hawasalimiki. Mwaka 2003 jarida la Spine lilichapisha utafiti wa Kanada ambamo watabibu 28, wakiwamo madaktari bingwa wa mifupa na wataalamu wa fiziotherapia, walionyeshwa picha za watu 36 zilizopigwa ubavuni, wakatakiwa waseme kama mbinuko wa shingo na wa kiuno ulikuwa wa kawaida, umezidi au umepungua. Baadaye wakaonyeshwa tena. Makubaliano yao yalipimwa kwa kipimo kiitwacho kapa, ambacho kikisoma sifuri maana yake ni kwamba watu wamekubaliana kwa kiwango ambacho wangekifikia hata kwa kubahatisha, na kikisoma moja maana yake ni kwamba wamekubaliana kikamilifu. Kila mtabibu alipolinganishwa na yeye mwenyewe, kapa ilikuwa 0.50, yaani ya wastani. Alipolinganishwa na wenzake, ilishuka hadi 0.16, ambayo iko juu kidogo tu ya kubahatisha. Hao ni watu waliosomea kazi hiyo, na walikuwa wakitazama picha iliyotulia, isiyopumua wala kuhama mguu. Binti wa miaka 12 aliyesimamishwa mbele ya watu asiowajua ni mgumu zaidi kumsoma.

Inafaa ujue kwa nini jicho linashindwa, kwa sababu ukishajua utaweza kumtazama binti yako vizuri zaidi. Uti wa mgongo wenyewe hauonekani. Tunachokiona ni ngozi, na chini yake mafuta na misuli, na katikati vile vinundu ambavyo ni ncha za nyuma za pingili. Uti unapopinda kwenda upande, pingili hazihami tu ubavuni, bali hujizungusha pia: kiwiliwili cha pingili huelekea upande wa nje wa tao, na ncha yake ya nyuma huelekea upande wa ndani. Matokeo yake ni kwamba ule mstari wa vinundu tunaoupapasa kwa kidole huonekana umenyooka kuliko uti wenyewe ulivyo, na mtu anayeufuata mstari huo anaweza kuambulia matumaini yasiyo na msingi. Vilevile kuna matao mawili yanayosawazishana, moja juu likielekea kulia na jingine kiunoni likielekea kushoto, na mtoto mwenye matao hayo anaweza kusimama mabega yakiwa sawa kabisa.

Upande mwingine kuna mambo yanayotutisha bure. Bega la mkono ambao mtu anautumia zaidi mara nyingi huwa chini kidogo kuliko jingine, bila ugonjwa wowote. Mtoto aliyeegemea mguu mmoja huinua nyonga moja. Nywele zilizolala upande mmoja, shati lililochomekewa vibaya, begi lililotoka kuvuliwa sasa hivi, mwanga wa dirisha unaopiga kutoka pembeni, vyote hivyo huchora vivuli ambavyo jicho huviita kasoro. Tena mtazamaji aliyekwisha kuambiwa kwamba mtoto ana mgongo uliopinda hutazama akiutafuta huo upindaji, na mara nyingi huuona.

Kwa hiyo ile karatasi ya shule iliyosema bega la kulia liko chini haithibitishi ugonjwa, na maneno ya tabibu aliyemtazama akiwa na sare hayathibitishi uzima. Kati ya hayo mawili, mimi nayatilia shaka zaidi maneno ya tabibu, maana mgongo uliofunikwa na shati haujapimwa kabisa.

Ipo namna ya kutazama inayoaminika zaidi. Mwaka 1865 daktari wa upasuaji wa Uingereza, William Adams, alieleza kipimo cha kumwinamisha mtu mbele, na mpaka leo ndicho kinachotumika duniani kote. Nguvu ya kipimo hicho inatokana na kwamba mtazamaji haulizwi swali pana kama vile “mkao wa mtoto huyu ni mzuri au mbaya?”, bali swali moja jembamba: je, upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine? Ule mzunguko wa pingili niliokueleza, ambao mtu akisimama hujificha, akiinama huzisukuma mbavu za upande mmoja juu na kuzifanya zionekane kama nundu.

Unaweza kukifanya kipimo hiki nyumbani, ninyi wawili peke yenu mlango ukiwa umefungwa. Binti avue viatu, afunge nywele juu, na ajifunge kanga kwa mbele huku mgongo wote ukiwa wazi mpaka kiunoni. Asimame miguu ikiwa pamoja na magoti yamenyooka, aunganishe viganja vyake, kisha ainame polepole, kichwa kikitangulia, mikono ikining’inia kuelekea vidole vya miguu. Wewe uketi nyuma yake kwenye kigoda, macho yako yakiwa sawa na kimo cha mgongo wake, uutazame mgongo kama mtu anayetazama uso wa meza kutoka ukingoni. Anapoanza kuinama utaona sehemu ya mabega. Akiendelea itajitokeza sehemu ya katikati. Akifika chini kabisa utakiona kiuno. Kila hatua linganisha kulia na kushoto. Ukiona nundu, mketishe kwenye stuli na umwombe ainame tena. Nundu ikitoweka akiwa ameketi, huenda chanzo ni mguu mmoja kuwa mfupi kuliko mwingine, na hapo shangazi yake atakuwa ameona jambo la kweli. Ikibaki palepale, uti wenyewe unahitaji kupimwa.

Hapo ndipo jicho linapopaswa kusaidiwa na kifaa. Daktari wa Marekani, William Bunnell, alikitambulisha mwaka 1984 kifaa kiitwacho skoliomita, ambacho kinafanana na pimamaji ya fundi mwashi: kimrija kilichopinda chenye kimpira ndani, ambacho huwekwa kukatiza mgongo wa mtu aliyeinama na kuonyesha umelala kwa nyuzi ngapi. Kwa kawaida mtoto hupewa rufaa kipimo kikifika kati ya nyuzi 5 na 7. Ukiweka mpaka kwenye 5 utawapa rufaa watoto wengi wasiouhitaji msaada. Ukiuweka kwenye 7 utawaacha baadhi ya wenye tao dogo. Hakuna mpaka usio na gharama yake, lakini namba ina faida moja kubwa ambayo neno “umepinda” halina: leo ikiwa 4, na baada ya miezi sita ikiwa 8, mtu mwingine kabisa anaweza kuona kwamba kuna kitu kimesogea.

Sasa kuhusu eksirei. Ndiyo inayotoa jibu la mwisho, kwa sababu skoliosisi, yaani kupinda kwa uti kwenda upande pamoja na kujizungusha kwake, hutambuliwa rasmi kwa pembe ya Cobb inayochorwa juu ya picha hiyo, na pembe hiyo lazima ifike nyuzi 10. Hata hivyo nisingekushauri uanze nayo. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake ambao utotoni walipigwa picha nyingi za mgongo, kati ya miongo ya mwanzo ya karne iliyopita na mwaka 1965, na ukakuta vifo vingi zaidi vya saratani ya matiti kuliko ilivyotarajiwa. Mionzi ya leo ni kidogo mno ikilinganishwa na ya zamani hizo, na picha siku hizi hupigwa kutokea nyuma ili kuyakinga matiti, lakini hiyo si sababu ya kumpiga mtoto picha kwa ajili ya bega tu. Apigwe ikiwa nundu ipo, au ikiwa skoliomita imefika kiwango cha rufaa. Tena ujue kwamba picha nayo husomwa na binadamu: wasomaji wawili wazuri wanaweza kutofautiana kwa takriban nyuzi 5 kwenye picha ileile, kwa hiyo tao la nyuzi 14 lililosomwa 17 mwakani si lazima liwe limeongezeka.

Kwa nini basi tuhangaike? Kwa sababu miaka ya binti yako ndiyo miaka yenyewe. Vijana wapatao 2 au 3 katika kila 100 wana tao la nyuzi 10 au zaidi, na wengi wao hawatahitaji tiba yoyote maishani. Matao madogo huwapata wavulana na wasichana kwa viwango vinavyokaribiana, lakini yanayokua yakawa makubwa huwapata wasichana mara nyingi zaidi, hasa katika kipindi cha kurefuka haraka kabla na karibu na kuvunja ungo. Tao likiwa kati ya nyuzi 25 na 40 na mtoto bado anakua, huvalishwa vazi gumu la plastiki la kuushikilia mgongo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 2013 uliwakuta asilimia 72 ya waliovalishwa wamemaliza kukua bila tao kufika nyuzi 50, ilhali kwa waliofuatiliwa tu ilikuwa asilimia 48, na waliolivaa kwa saa nyingi zaidi kwa siku walifaidika zaidi. Likishapita nyuzi 45 hadi 50, mazungumzo huwa ya upasuaji. Dirisha la kulivaa vazi hilo hufungwa mtoto anapomaliza kukua, na ndiyo maana sitaki uridhike na jibu la zahanati.

Mfanyie kipimo cha kuinama wiki hii. Usipoona nundu, kirudie kila baada ya miezi minne hadi sita mpaka angalau miaka miwili baada ya kuvunja ungo, na umpime urefu siku hiyohiyo, uandike vyote kwenye daftari. Ukiiona, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa na uombe kumwona mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa, na mwombe ampime kwa skoliomita badala ya kumtazama tena. Ikilazimu vazi, ninyi wa Tanga hamko mbali na Moshi, ambako kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa kutengeneza vifaa hivyo, na kwa upasuaji ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

SWALI: Daktari, mimi ni mvulana wa miaka 16, Kidato cha Tatu. Baba mdogo kila akiniona huniambia nina kibyongo, na hunipiga kofi mgongoni ili nisimame wima. Rafiki yangu alinipiga picha ya ubavuni kwa simu, akaipitisha kwenye programu ya kupima mkao, ikasema shingo yangu imesogea mbele na kwamba nitaumwa. Siumwi popote. Je, nina ugonjwa? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Mwanangu, kwanza tenganisha mambo mawili ambayo baba yako mdogo na ile programu wameyachanganya: jinsi unavyosimama, na jinsi mifupa yako ilivyo. La kwanza hubadilika mara nyingi kwa saa moja. Mtu akichoka hulegea, akiitwa mbele ya darasa hunyooka, akiwa na huzuni hujikunja. Picha moja ya simu imenasa dakika moja ya siku yako, na ikiwa aliyekupiga aliinamisha simu kidogo au ulikuwa umegeuka kidogo tu, mstari ambao programu imeuchora kutoka sikioni hadi begani umeshapotea njia.

Mgongo wa juu kwa kila binadamu umebinuka kwenda nyuma, kwa kawaida nyuzi 20 hadi 40 na zaidi kidogo. Kati ya mwenye 35 na mwenye 48 jicho halitofautishi kwa uhakika, na katika utafiti wa Kanada nilioueleza kwenye jibu lililotangulia, mbinuko kama huu unaotazamwa kutoka ubavuni ndio uliowafanya watabibu wapishane kiasi kile. Wanaotumia timazi, wakaitundika ili uzi upite kwenye ndewe ya sikio, bega, nyonga, mbele kidogo ya goti na mbele kidogo ya kifundo cha mguu, hupata kitu cha kulinganisha nacho, lakini uzi huo nao unaonyesha mkao wa wakati ule tu.

Swali lenye maana zaidi ni hili: mbinuko wako hunyooka au umekakamaa? Lala kifudifudi kitandani, mikono ubavuni, kisha inua kichwa na kifua bila kutumia mikono, na mtu mwingine akutazame kutoka upande. Mgongo ukinyooka, huo ni mkao uliouzoea, na unaweza kubadilika kwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mgongo ukipenda. Ukibaki umebinuka vilevile, hasa kama ukiinama mbele unaonekana umepanda kwa kasi sehemu moja badala ya kuviringana taratibu, huenda ni ugonjwa wa Scheuermann, uliopewa jina la daktari wa Denmaki aliyeueleza mwaka 1920. Katika ugonjwa huo pingili hukua zikiwa nyembamba upande wa mbele kama kabari, na kigezo kilichozoeleka ni pingili tatu zinazofuatana, kila moja ikiwa na kabari ya nyuzi 5 au zaidi kwenye eksirei. Hapo daktari wa mifupa ndiye wa kumwona.

Kuhusu kutishwa kwamba utaumwa, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2016 uliwapiga picha vijana 1,108 wa miaka 17 na kuwagawa kulingana na mkao wa shingo na kifua. Waliojikunja hawakuonekana kuwa na maumivu ya shingo au ya kichwa zaidi ya waliosimama wima. Ila mkao wa kujikunja ulihusiana na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, jambo linalonifanya niulize, kabla hajakupiga kofi jingine, kama baba yako mdogo amewahi kukuuliza unaendeleaje. Kofi halinyooshi mgongo, na ningependa umwonyeshe ukurasa huu.

Lakini liko jambo moja ambalo jicho la kawaida huliona vizuri, na katika nchi zetu hatuna ruhusa ya kulisahau. Kinundu kimoja kilichochomoza kwa kona kali katikati ya mgongo, si mviringo mpana bali kama pembe, pamoja na homa za jioni, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito, maumivu yanayokuamsha usingizini au miguu kulegea, hivyo vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Percivall Pott wa Uingereza alieleza ulemavu wake mwaka 1779 na ambao bado unaharibu pingili za watoto wa Afrika Mashariki. Dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, Kenya na Tanzania. Barua yako haina dalili hata moja kati ya hizo. Mtu yeyote aliye nazo asisubiri programu ya simu.

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninafundisha michezo katika shule ya sekondari. Mkuu wa shule amekubali tuwapime wanafunzi wote wa Kidato cha Kwanza migongo yao. Tutakuwa walimu wawili, na tutajaza fomu ya “mkao mzuri, wa wastani, mbaya”. Tukikubaliana kwa zaidi ya asilimia 80, je, upimaji wetu utakuwa wa kuaminika? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Mwalimu, nakupongeza kwa kufikiria mapema kuhusu makubaliano, kwa kuwa shule nyingi hupima bila kujiuliza swali hilo. Hata hivyo asilimia 80 inaweza kukupumbaza. Chukua wanafunzi 100. Wewe useme 10 wana mgongo mbaya, mwenzako naye aseme 10, lakini mkilinganisha majina mkute mmekutana kwa wawili tu. Mmekubaliana kwamba 82 ni wazima na kwamba 2 ni wagonjwa, jumla 84 katika 100. Asilimia 84 inapendeza kwenye ripoti. Sasa fikiria kila mmoja wenu angeyachagua majina yake 10 kwa kufumba macho: mngekubaliana kwa watu wapatao 82, kwa sababu tu wanafunzi walio wengi mnawaita wazima. Kapa ya upimaji wenu ni 0.11. Kati ya wanafunzi 18 mliowatia wasiwasi wazazi wao, 16 wametajwa na mwalimu mmoja pekee.

Fomu yenye “mzuri, wa wastani, mbaya” ndiyo inayoleta hasara hii, kwa sababu kila mwalimu ana picha yake kichwani ya mkao mzuri. Mwaka 1917, Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kilitangaza kwamba wanafunzi wake wapya wapatao wanne kati ya watano wana mkao mbaya, baada ya daktari kuwapanga kwa madaraja ya kutazamwa. Kipimo kinachowahukumu watu wanne kati ya watano kimeweka mpaka wake mahali ambapo watu wazima wengi wanaishi bila shida. Ifute fomu hiyo. Weka maswali matatu yanayojibika kwa ndiyo au hapana: je, akiinama kuna nundu ya mbavu? Je, kuna nundu ya kiuno? Je, akiketi na kuinama inabaki? Mkiweza kupata skoliomita moja, pengine kwa kuazima hospitali ya wilaya, andikeni nyuzi. Kila mwalimu ajaze fomu yake bila kuiona ya mwenzake, na wanafunzi 20 wa kwanza wapimwe na nyote wawili siku mbili tofauti kabla hamjaendelea na waliobaki. Mkiona hata kwenye hao 20 hamkutani, simameni, mwalikeni mtaalamu wa fiziotherapia awaelekeze kwa vitendo, kisha mwanze upya.

Umri nao unahitaji kufikiriwa. Vyama vya madaktari wa mifupa na wa watoto nchini Marekani, katika tamko lao la mwaka 2015, vilipendekeza wasichana wapimwe mara mbili, wakiwa na miaka 10 na 12, na wavulana mara moja, wakiwa na miaka 13 au 14. Kidato cha Kwanza kwa hiyo kinawafaa wavulana, lakini wasichana wengi wenu watakuwa wamekwisha kupita kasi ya kurefuka, na wale ambao mngeweza kuwasaidia mngewapata Darasa la Tano na la Saba. Ongeeni na shule ya msingi jirani. Nikuambie pia kwa uwazi kwamba wataalamu hawajakubaliana kama kupima watoto wote wasio na malalamiko kunafaa: kikosi huru kinachoishauri Marekani kuhusu vipimo vya kinga kilikataa jambo hilo mwaka 2004, na mwaka 2018 kikasema ushahidi hautoshi kulipendekeza wala kulikataa. Uingereza haifanyi. Hong Kong imekuwa ikifanya tangu mwaka 1995, lakini huko mtoto hapelekwi moja kwa moja kutoka kwenye jicho la mwalimu hadi kwenye eksirei. Hupita kwanza kwenye kipimo cha kuinama pamoja na skoliomita, na wanaobakia ndio wanaoendelea.

Maoni yangu ni kwamba upimaji wenu unastahili kufanyika ikiwa tu mmekwisha kupanga mtoto mwenye nundu ataenda wapi, nani atamsindikiza na nani atalipia nauli. Pasipo hayo, mtakuwa mmewapa watoto jina la ugonjwa bila kuwapa njia ya kwenda hospitali. Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike, ndani ya chumba chenye pazia, mmoja mmoja, mzazi akiwa amesaini idhini, na matokeo yapelekwe kwa mzazi ndani ya bahasha iliyofungwa. Kwenye barua hiyo msiandike “mgongo umepinda”. Andikeni mlichokiona na namba mliyoipata, kwa mfano: “Alipoinama, mbavu za kulia ziliinuka, skoliomita ilisoma nyuzi 7, na alipoketi nundu ilibaki, tunaomba apimwe na daktari wa mifupa ndani ya mwezi mmoja.” Daktari atakayeipokea barua ya namna hiyo atakuwa na mahali pa kuanzia, na akimpima tena baada ya miezi sita atakuwa na namba ya kulinganisha nayo.